Presha ya kupanda, presha ya kushuka: tuelewane

"Mpe chumvi alambe, presha imeshuka." Kaa Soko la Majengo mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa utosini, utalisikia neno hili. Mama muuza mboga kainuka ghafla, macho yamemwingia giza, kashika meza asianguke. Kabla hajakalishwa vizuri, chumvi imeshafika kiganjani. Hakuna aliyempima.

Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa namba mbili: ya juu ni pale moyo unapojikamua, ya chini ni pale unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima akiwa na 120 kwa 80 au pungufu kidogo, yuko vizuri.

Tatizo liko kwenye haya majina mawili, ya kupanda na ya kushuka, tunayoyataja kama magonjwa pacha. Presha ya kila mtu hupanda na kushuka mchana kutwa. Ukigombana na konda inapanda, mkojo ukikubana inapanda, ukilala inashuka. Ugonjwa ni pale inapobaki juu hata ukiwa umetulia: namba ya juu 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, na ikajirudia ukipimwa siku nyingine.

Tukiuita "presha ya kupanda", mtu anaufikiria kama homa, kwamba utakuja, atausikia, kisha utaondoka. Wengi hawasikii chochote. Kichwa hakiumi, usingizi anaupata, na huku mishipa ya ubongo, figo na macho inaumia mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana kuna watu wanameza dawa siku ambayo kichwa kinagonga tu, na siku kikitulia kidonge kinabaki kabatini.

"Ya kushuka" nayo imebebeshwa mengi. Kwa kawaida chini ya 90 kwa 60 huitwa presha ya chini, lakini wako watu wenye namba hizo wanaofanya kazi zao bila shida yoyote. Ikishuka ghafla ina sababu yake: maji kupungua mwilini kwa jua na jasho, kuharisha, kutoka damu, maambukizi makali, au dawa kuzidi. Kizunguzungu chenyewe kinaweza kuwa njaa, malaria, upungufu wa damu au shida ya sikio la ndani. Na mwenye 170 anaweza kupata kizunguzungu vilevile.

Chumvi ya kulamba mara moja siyo inayonitia hofu zaidi. Ni lile jina linalombakia. Kuanzia siku hiyo anajulikana kuwa "wa presha ya kushuka", anaongeza chumvi kwenye kila mboga, na wala mkono wake haujawahi kufungwa mkanda wa kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo tayari ndani ya chakula. Huku kwetu kuna pia magadi ya kwenye mlenda, nayo yana sodiamu kama chumvi, lakini sijasikia mtu akiyahesabu. Mlenda tule, magadi tupunguze.

Mtu akizidiwa juani, mlaze kivulini, inua miguu yake, na kama ana fahamu zake anywe maji kidogo kidogo. Kisha apimwe. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hiyo huenda ni kiharusi. Hospitali mara moja.

Kupima nako kuna adabu yake. Ukishuka kwenye bodaboda na kuufunga mkanda juu ya sweta huku ukisimulia msiba, namba itakayotoka ni ya safari na ya msiba. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipandanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba itatoka kubwa kuliko ukweli. Mwambie nesi atafute mpana.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kusema imepanda au imeshuka, uliza: ilisoma ngapi, na alikuwa amekaa? Na aliyekutwa na 126 kwa 78 akiwa kwenye amlodipini, dawa ya kushusha presha, asiseme amepona. Aseme dawa inamkubali, na kesho ameze kama kawaida mpaka daktari wake aseme vingine.