"Iwe fundisho kwa wengine": fundisho lipi?

Mwanafunzi anatolewa mbele mstarini, anachapwa, na mwalimu anamalizia kwa maneno tunayoyajua sote: iwe fundisho kwa wengine. Nyumbani nako mkubwa akikosea, mdogo anaitwa aje ashuhudie. Kazi yangu ni saikolojia ya watoto, na huwa nawauliza wazazi: hao wengine wamefundishwa nini hasa?

Jibu ninaloliamini zaidi lilitoka mwaka 1965 kwa Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wengi wamesikia jaribio lake la 1961, la watoto walioiga mtu mzima akilipiga sanamu la kujazwa upepo. Hili la 1965 halitajwi sana, na kwangu ndilo lenye uhondo.

Watoto 66 wa chekechea, wa miezi 42 hadi 71, walionyeshwa filamu fupi. Mtu mzima analiendea sanamu na kuliamuru limpishe njia. Halimpishi (sanamu litampishaje?). Basi analilaza, analikalia, analitwanga ngumi za pua, analigonga kichwani kwa nyundo, analipiga teke, analirushia mipira, na kila pigo lina neno lake. Tofauti ilikuwa mwishoni tu. Kundi moja liliona huyo bwana akimwagiwa sifa, akapewa na peremende na soda. La pili lilimwona akikaripiwa, akajikwaa akaanguka, mwenzake akamkalia na kumcharaza kwa jarida lililoviringishwa. La tatu halikuona zawadi wala adhabu.

Kisha kila mtoto aliachwa peke yake dakika 10 kwenye chumba chenye sanamu kama lile. Walioona adhabu waliiga kidogo kuliko wenzao, hasa wasichana. Hapo mwalimu wa mstarini angepiga makofi.

Ila Bandura hakuishia hapo. Watoto waliahidiwa stika na juisi kwa kila walichokumbuka na kukionyesha. Tofauti ya makundi ikayeyuka! Walioona adhabu walikuwa wameshika maneno na vitendo sawasawa na waliomwona akipongezwa. Hata pengo kati ya wavulana na wasichana likawa dogo mno. Adhabu ilizuia kutenda, basi. Kujifunza kulikuwa kumeshafanyika.

Wapo wanaosema sanamu la aina ile limetengenezwa lipigwe, kwa hiyo haliwezi kupima ukatili wa mtoto kwa mwenzake. Nakubaliana nao. Lakini hoja hiyo haigusi kile ambacho watoto walikishika kichwani.

Na mtoto hachagui sana cha kushika. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha utafiti juu ya sokwe wadogo wa kisiwa cha Ngamba, Uganda, na watoto wa miaka 3 na 4 wa Uskoti. Wote walionyeshwa jinsi ya kutoa zawadi ndani ya sanduku kwa kutumia kijiti, na baadhi ya hatua zilikuwa za bure kabisa. Sanduku lilipokuwa la kuonyesha ndani, sokwe waliziacha hatua hizo, wakaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Watoto waliendelea kuchokoa tundu la juu lisilo na kazi, kama walivyoonyeshwa.

Ndiyo maana simuulizi mtoto "umejifunza nini?" Atanijibu kama kasuku: tusipigane. Nampa midoli, namwambia nionyeshe ilivyokuwa siku ile kaka alipokosea. Binti mmoja wa chekechea alijifunga kanga kiunoni, akamlaza mdoli kifudifudi, akashika rula, na kabla ya kupiga akauliza kwa sauti ya mtu mzima kabisa: "Nani kakutuma?" Nilipomuuliza kaka alikosa nini, alisema hajui.

Kwa hiyo mzazi akitaka ushauri wangu, namwambia amwite mkubwa chumbani wayamalize huko, mdogo aachwe na mchezo wake. Ikiwa mdogo ameshaona, asifukuzwe katikati. Aone pia kaka akirudisha alichochukua au akifuta alichomwaga, na baba au mama akiongea naye kwa sauti ya kawaida, maana hayo nayo atayaonyesha siku akipewa midoli.