Eudon wa Penthièvre: baba mdogo aliyeishika Bretagne

Katika orodha za watemi, yaani watawala wakuu, wa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, Eudon wa Penthièvre mara yumo, mara hayumo. Zinazomweka humpa miaka kati ya 1040 na 1047 na kumwita mlezi. Zinazomwacha huruka kutoka kwa kaka yake, Alan III, hadi kwa mtoto wa kaka huyo, Conan II, kana kwamba mtoto wa miaka kama saba angeweza kukaa barazani akaamua kesi za mabwana wenye ngome na farasi. Nasaba za magharibi mwa Ufaransa ya karne ya 11 ndiyo kazi yangu, na juu ya Eudon msimamo wangu ni mmoja: alitawala, na alitawala akiamini kabisa kwamba nchi ni yake pia. Kisa chake lakini hakianzii kwake, kinaanzia kwa mama yake.

Mama huyo ni Hawise, binti wa Richard I, mtawala wa Normandia, nchi jirani. Aliolewa na Geoffrey I wa Bretagne katika ndoa ya kubadilishana: Geoffrey akamchukua Hawise, na kaka yake Hawise, Richard II, akamchukua Judith, dada yake Geoffrey. Watoto wa pande hizo wakawa mabinamu kwa baba na kwa mama. Mmoja wao upande wa Normandia alikuwa Robert, na mtoto wa Robert ndiye William aliyeivamia Uingereza mwaka 1066. Kwa hiyo William alikuwa mtoto wa binamu yake Eudon, na udugu huo ulikuja kuwalipa watoto wa Eudon mashamba wasiyoweza kuyamaliza kwa farasi kwa siku moja.

Geoffrey alifariki mwaka 1008 katika safari ya hija ya Roma. Hadithi ya zamani inasema kozi wake wa kuwindia aliua kuku wa mwanamke fulani katika nyumba ya wageni, na mwanamke huyo akampiga mtemi kichwani kwa hasira. Mimi huichukua kama hadithi, ingawa sijui hadithi nyingine ya kifo cha mtawala inayonichekesha kama hiyo. Jambo la uhakika ni kwamba aliacha watoto wadogo, Alan na Eudon, na Hawise akashika nchi kwa niaba yao. Kwa niaba yao wote wawili. Hapo ndipo wengi wanapopita haraka.

Hati za wakati ule nyingi ni za zawadi: mtu anatoa shamba, kinu au kanisa kwa abasia, yaani nyumba ya watawa, na mtawa anaandika. Mtawa aliyeandika hakuwa mjinga. Alijua kwamba mtoaji akishakufa, ndugu yake anaweza kuja na kudai shamba la ukoo lilitolewa bila yeye kuulizwa. Basi alihakikisha kila mwenye haki ametajwa kuwa ameridhia: mke, watoto, ndugu wa kuzaliwa naye. Baada yao ndipo huja mashahidi, na wao hupangwa kwa uzito wao, maaskofu na mabwana wakubwa wakitangulia. Ukijua hivyo, jina la ndugu kwenye hati hulioni tena kama pambo. Ndugu asiye na haki hakuna aliyehangaika kumwandika. Na katika hati za ujana wa Alan III, Eudon yumo pamoja naye, tena wakati mwingine wanazungumza kama watoaji wawili. Mimi nikiona hivyo sisemi "mtemi na mdogo wake". Nasema watawala wawili, mmoja akitangulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1030 Alan na mama yake walianzisha abasia ya Saint-Georges mjini Rennes, na Adela, dada yao Alan na Eudon, akawa abesi, yaani mkuu, wa kwanza. Huo ulikuwa mpango mzuri wa familia: binti anapata cheo cha heshima bila kuolewa na bwana ambaye kesho angedai sehemu ya nchi. Lakini kwa Eudon hapakuwa na abasia ya kumweka. Alikuwa mtu wa vita. Hawise alipofariki mwaka 1034, kilichokuwa kikiwashikanisha ndugu wale kikakatika. Fahali wawili hawakai zizi moja. Wakapigana, kisha wakagawana. Alan akabaki na Rennes na cheo kikuu. Eudon akapata kaskazini, nchi ya pwani kuzunguka Saint-Brieuc na Tréguier, iliyokuja kuitwa Penthièvre.

Miaka michache tu baadaye Alan III akafa. Ilikuwa Oktoba 1040, akiwa Normandia, ambako alikuwa mmoja wa walinzi wa William aliyekuwa bado mtoto. Palinong'onwa habari za sumu, kama ilivyokuwa kawaida Normandia kila mkubwa alipokufa kitandani. Mjane wake, Bertha wa Blois, baadaye akaolewa tena, na Hugh IV wa Maine. Mtoto, Conan, akabaki mikononi mwa baba yake mdogo.

Waandishi wa baadaye wanapenda kumchora Eudon hapa kama mnyang'anyi: kamfungia mtoto, kakalia kiti chake. Ni kweli alimshikilia Conan, na mnamo 1047 mabwana wa upande wa Rennes walimtoa mtoto kwa nguvu. Lakini jiulize Eudon mwenyewe aliionaje hali. Tangu utotoni jina lake lilikuwa kwenye hati pamoja na la kaka yake. Kaka kafa, yeye ni mtu mzima wa miaka kama arobaini, na nchi imezungukwa na Wanormani upande mmoja na watawala wa Anjou upande mwingine. Katika Ulaya ya wakati ule, kanuni ya kwamba mtoto wa mkubwa lazima amtangulie ndugu wa mkubwa ilikuwa bado haijakaa vizuri. Mwaka 1050, miaka kama mitatu baada ya Conan kutolewa, Papa Leo IX aliwaandikia wakuu wa Bretagne kuhusu maaskofu wa Dol waliokuwa wakijidai uaskofu mkuu na kukataa kuwa chini ya askofu mkuu wa Tours. Barua ilimtaja Eudon kwanza, kama mkuu wa Wabretoni. Ofisi ya Papa ilikuwa makini mno na vyeo, na haikuwa na sababu ya kumbembeleza mlezi aliyekwisha kunyang'anywa mtoto. Kwangu mimi barua hiyo ina uzito kuliko orodha yoyote iliyotungwa baada ya miaka mia tatu.

Mwaka 1057 mambo yakageuka. Conan, sasa kijana mwenye jeshi lake, alimkamata baba yake mdogo na kumtia minyororo. Mtoto mkubwa wa Eudon, Geoffrey Boterel, akaendelea na vita kwa miaka kadhaa.

Sasa mke. Hati zinamtaja kwa majina mawili, Agnes na Orguen, na wataalamu wengi wanaona ni mwanamke mmoja. Alikuwa binti wa Alan Canhiart, bwana wa Cornouaille, kusini-magharibi mwa Bretagne (wasiojua huichanganya na Cornwall ya Uingereza, na nasaba nzima huvuka bahari bila nauli). Kaka yake Agnes aliitwa Hoël, na Hoël akamwoa Hawise, dada yake Conan II. Conan alipokufa Desemba 1066 bila mtoto wa ndoa, utemi ukamwendea dada huyo na mumewe. Yaani Eudon, aliyeupigania utemi maisha yake yote, aliuona ukiingia nyumbani kwa shemeji yake. Alikuwa anakaribia miaka sabini. Aliishi mpaka mwaka 1079.

Nimeutaja mwaka 1066, na hapa lazima nisimame kidogo kwenye kitambaa kilichotariziwa cha Bayeux. Watu hukitazama kwa ajili ya vita vya Hastings, lakini kabla ya kufika huko kuna vita vya Bretagne, ambavyo wengi huvipita. Rivallon, bwana wa Dol, alikuwa amemwasi Conan na kuomba msaada wa William. Kwenye kitambaa askari wa William wanaikaribia Dol, na mtu anateremka ukutani kwa kamba akikimbia. Huyo ni Conan. Baadaye, mjini Dinan, Conan anazitoa funguo za ngome kwenye ncha ya mkuki wake, na wa nje anazipokea kwa ncha ya mkuki vilevile, ili asiwepo wa kusogea karibu mno. Pamoja na William katika safari ile alikuwepo Harold Godwinson, yule ambaye baada ya miaka miwili wangekutana Hastings kama maadui.

Adui wa Conan alikuwa William, na adui wa Conan alikuwa pia nyumba ya Eudon. Basi si ajabu kwamba watoto wa Eudon walivuka bahari na binamu yao. Brian, mmoja wao, alikuwa Devon, Uingereza, mwaka 1069, akiwapiga watoto wa Harold waliokuja na merikebu kutoka Ireland. Lakini aliyevuna ni Alan, aliyeitwa Mwekundu. Kuanzia miaka ya 1070 alijenga ngome ya Richmond juu ya mto Swale, kaskazini mwa Uingereza, katika nchi iliyokuwa imechomwa moto na William majira ya baridi ya 1069 hadi 1070. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, orodha ya ardhi na wenye ardhi wa Uingereza, kinampa ardhi kutoka Yorkshire hadi Cambridgeshire na Norfolk, na kumfanya mmoja wa matajiri wakubwa kabisa katika ufalme. Hakwenda peke yake: wapo pia watoto wa Eudon wa nje ya ndoa, Ribald, Bodin na Bardolf, kila mmoja na kipande chake chini ya Alan. Ribald alipata Middleham.

Hapa kuna kosa ambalo hujirudia. Vitabu vya zamani humtaja Alan Fergant kama kiongozi wa Wabretoni pale Hastings. Alan Fergant ni mtoto wa Hoël na Hawise, mtemi wa baadaye, na mwaka 1066 alikuwa bado mtoto mdogo. Wengine huwachanganya Alan Mwekundu na ndugu yake aliyeitwa Alan vilevile, Alan Mweusi, wa baba mmoja na mama mmoja. Wazazi waliwapa watoto wawili jina moja, jina la kaka wa baba na la babu mzaa mama, na sisi tunahangaika na rangi za nywele.

Kinachotusaidia kuwatenganisha ni barua za Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, na ni ushahidi ambao hakuna mtengeneza nasaba angeutarajia. Gunhild, binti wa Harold aliyeuawa Hastings, alikuwa akiishi na masista wa Wilton na kuvaa mavazi ya kitawa. Alan Mwekundu akamchukua. Mashamba mengi ya Alan huko Cambridgeshire yalikuwa ya Edith Mrembo, ambaye wengi wanaamini ndiye mama yake Gunhild, kwa hiyo mapenzi yale huenda yalikuwa na hesabu ya ardhi ndani yake. Alan akafa mwaka 1093. Gunhild hakurudi Wilton, alikwenda kwa ndugu yake Alan huyo, Alan Mweusi. Anselm akamwandikia kwa ukali unaotisha: akamwambia aende sasa akalale kitandani anapolala Alan, awakusanye funza wake kifuani na kuikumbatia maiti. Kwa mtakatifu ni lugha nzito. Kwa mtafiti, ni barua inayotuambia kwa mkupuo mmoja kwamba Alan wa kwanza amekufa, wa pili yuko hai, na yuko tayari kurithi kila kitu.

Geoffrey Boterel naye aliuawa mwaka uleule wa 1093. Alan Mweusi hakudumu. Kufikia mwisho wa karne, mdogo wao Stephen alikuwa ameshika Penthièvre na Richmond pamoja. Alipiga sarafu za fedha mjini Guingamp: upande mmoja kichwa cha mtu kinachotazama pembeni, upande wa pili msalaba na jina la mji. Sarafu zile ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya yeye kufa, na wachimbaji huzikuta mpaka leo.

Mtoto wa Stephen, Alan mwingine, alimwoa Bertha, binti wa mtemi Conan III. Conan III alipokufa mwaka 1148 alimkana mwanawe Hoël, haki ikabaki kwa Bertha, ambaye wakati huo mumewe alikuwa ameshafariki na yeye kaolewa tena. Mtoto wake wa ndoa ya kwanza, Conan IV, alimpokonya baba wa kambo utemi mwaka 1156. Kitukuu wa Eudon akawa mtemi wa Bretagne nzima, miaka 77 baada ya Eudon kuzikwa.

Na huyo baba wa kambo aliitwa nani? Eudon. Eudon wa Porhoët, wa ukoo mwingine kabisa, naye akiishika Bretagne kwa haki ya mke wake. Majina yao huandikwa Eudon, Eudo, Eudes, Éon au Odo kadiri mwandishi alivyoamka, na katika faharasa nyingi wawili hawa wamerundikwa pamoja. Ukikutana na "Eudon, mtawala wa Bretagne", tazama mwaka kwanza. Ukiwa kabla ya 1079, ni wetu. Ukiwa kati ya 1148 na 1156, rudisha kitabu kabatini, unayemtafuta hayumo.