Nyambizi ya Nyuklia: Silaha Ambayo Kazi Yake ni Kujificha

Mapema Februari 2009, nyambizi ya Ufaransa iitwayo Le Triomphant iligonga kitu chini ya Bahari ya Atlantiki. Wizara ya Ulinzi ya Ufaransa ikatangaza kwamba huenda ni kontena lililozama. Siku chache baadaye ukweli ukatoka: "kontena" lile lilikuwa nyambizi ya Uingereza, HMS Vanguard. Vyombo viwili vya nchi rafiki, kila kimoja kikiwa kimeundwa kubeba makombora 16 ya nyuklia, vilikwaruzana gizani bila kimoja kumsikia mwenzake. Hakuna aliyeumia wala mionzi haikuvuja.

Watu hucheka nikiwasimulia kisa hiki. Lakini hakuna mchoro unaozieleza nyambizi hizi vizuri kuliko ajali ile. Zimeundwa zisisikike, na siku hiyo zilifanikiwa kupita kiasi.

Tuweke maneno sawa kwanza, maana vyombo vyetu vya habari huandika "nyambizi ya nyuklia" kwa vitu viwili tofauti. Ipo inayoendeshwa kwa nishati ya nyuklia, na ipo inayobeba silaha za nyuklia. Zile ambazo Australia inazitafuta kupitia AUKUS, mpango wake wa ulinzi na Uingereza na Marekani, ni za aina ya kwanza tu. Vanguard ni yote mawili.

Injini ya nyuklia ina faida gani? Nyambizi ya dizeli haiwezi kuwasha injini bila hewa, hivyo ikiwa chini hutumia betri. Kila betri zikipungua chaji, lazima isogee karibu na uso wa maji na kutoa bomba la kuvutia hewa, na hapo ndipo rada huinasa. Kinu cha nyuklia hakihitaji hewa. Kinazalisha joto, maji yanageuka mvuke, mvuke unazungusha mitambo. Oksijeni ya mabaharia hutolewa kwenye maji humo humo ndani, na maji ya kunywa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Kinachowarudisha nyumbani mara nyingi ni stoo ya chakula.

Sasa kwa nini ujifiche hivyo? Tuseme nchi imeweka makombora yake yote nchi kavu, na ndege zake kwenye viwanja vinavyojulikana. Adui mwenye satelaiti anaweza kushawishika kuyamaliza yote asubuhi moja. Lakini akijua kwamba mahali fulani baharini kuna chombo asichokiona, kitakachojibu hata mji mkuu ukiwa umeteketea, anasita. Huo ndio uzuiaji wa kimkakati: kumfanya mwenzako aone kwamba kuanza hakulipi. Nchi 6 zina nyambizi za namna hii: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China na India. Hiyo ya mwisho inatuhusu kijiografia, kwani mwaka 2018 India ilitangaza kwamba nyambizi yake Arihant imekamilisha doria yake ya kwanza, na maji yake ya nyumbani ni Bahari ya Hindi.

Uingereza imekuwa na angalau nyambizi moja doriani muda wote tangu Aprili 1969. Inazo 4 za aina ya Vanguard, zenye kambi yao Faslane, magharibi mwa Uskoti. Kwa nini 4? Mwenye mabasi ya mikoani ataelewa haraka: moja iko njiani, moja gereji, nyingine imerudi juzi, nyingine inaandaliwa kuondoka. Makombora yake ni Trident ya Marekani, yanayofika zaidi ya kilomita 7,000. Umbali huo ni sehemu ya kujificha, maana kadiri kombora linavyofika mbali, ndivyo bahari ya kuitafuta nyambizi inavyokuwa kubwa.

Januari 2024 kombora moja la majaribio, lisilo na kichwa cha nyuklia, lilirushwa kutoka Vanguard karibu na Florida likaanguka baharini. Jaribio la 2016 nalo lilikuwa limeharibika. Serikali ilisema hitilafu ya 2024 ilihusu mazingira ya jaribio lenyewe. Labda. Lakini nionavyo mimi, silaha inayotegemea adui kuamini kwamba inafanya kazi haina nafasi ya kushindwa mara mbili mfululizo hadharani.

Ndani ya kila moja ya nyambizi hizi za Uingereza kuna sefu, na ndani ya sefu kuna barua iliyoandikwa kwa mkono na waziri mkuu, ikimwelekeza kamanda la kufanya iwapo serikali nzima imeangamizwa. Mwanahistoria Peter Hennessy amesimulia kwamba mojawapo ya vipimo vya kujua kama nchi bado ipo ni kusikiliza iwapo BBC Radio 4 inasikika. Waziri mkuu akiondoka madarakani, barua zake huharibiwa bila kufunguliwa.

Ukimya huo una gharama kwa watu wapatao 130 waliomo ndani. Nyambizi hupokea ujumbe wa redio lakini haijibu, kwa sababu kujibu ni kujitaja ulipo. Familia hutuma maneno machache kwa wiki, nayo hukaguliwa kwanza. Miaka ya karibuni, nyambizi zikiwa zimezeeka na matengenezo yakichelewa, doria zimevuka miezi 5. Baharia aliyefiwa na mzazi wiki ya pili ya safari anaweza kuambiwa miezi baadaye, chombo kinapokaribia Faslane.