Kano ya goti ikikatika, mimi napima paja

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya tiba ya viungo, hapa wanatuita «kine». Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kwangu akichechemea. Alitoka kucheza kabumbu mtaani, kwenye uwanja ambao chini ni mawe ya volkano, kama viwanja vingi vya hapa Goma. Miezi 5 iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti. «Kine, haliumi tena, mbona linaniachia?» Nikamlaza, nikapima mapaja yake kwa utepe wa fundi cherehani, sentimita 15 juu ya pia ya goti. La mguu ulioumia lilipungua sentimita 3.

Msuli wa mbele wa paja ndio breki ya goti unaposhuka ngazi au kutua baada ya kuruka. Goti likivimba, msuli huo husinyaa upesi, na kutembea peke yake hakuurudishi. Unataka mazoezi ya uzito, miezi na miezi. Kabla ya kumruhusu mtu kucheza, nataka mguu ule ufikie angalau 90% ya nguvu za mwenzake.

Wiki za mwanzo nasisitiza kunyoosha: kisigino juu ya taulo iliyokunjwa, goti liachwe lishuke lenyewe. Likizoea kukaa limepinda, kulinyoosha baadaye ni kazi ngumu mno.

Halafu kuna muda, na hapa ndipo vijana wetu wanaponiumiza moyo. Maumivu huondoka mapema kuliko kano iliyopandikizwa inavyokomaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri kabla ya kurudi uwanjani, hadi mwezi wa 9 baada ya upasuaji, ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa takriban nusu.

Meniski, yaani gegedu iliyo kati ya mifupa ya goti, ikichanika pamoja na kano, hatari ya goti kusagika miaka ya mbele huongezeka, hata ukifanyiwa upasuaji.

Asiye na pesa za upasuaji asidhani amekwisha. Sweden walifuatilia watu 121, matokeo yakatoka mwaka 2010: kati ya walioanza na mazoezi tu, zaidi ya nusu walimaliza miaka 2 bila upasuaji, na hali yao haikuwa mbaya kuliko ya waliopasuliwa mapema.

Kijana wangu ni motari. Nimemwomba aache mpira kwanza, na akisimamisha pikipiki akanyage chini kwa mguu usioumia. Jumanne napima tena paja.