Je, wajua kwa nini mchwa hufuata mstari wa kalamu?

Chora duara kwa kalamu ya wino kwenye karatasi, kisha weka mchwa wachache katikati. Ukibahatika kupata kalamu inayofaa, mchwa wa kwanza kuugusa mstari kwa vipapasio vyake atasita kidogo, atageuka, kisha ataanza kuufuata, mzunguko baada ya mzunguko, na wenzake nyuma yake. Chora kwa penseli na hakuna atakayejali. Hata kalamu nyingine za wino hazifui dafu.

Rangi haihusiki kabisa, kwa kuwa mchwa wafanyakazi wa aina nyingi ni vipofu. Siri imo ndani ya wino. Baadhi ya kalamu hutiwa fenoksietanoli, kiyeyusho ambacho hakina maana yoyote kwetu. Kwa mchwa wa jenasi (makundi ya aina zenye undugu wa karibu) za Reticulitermes na Coptotermes, wale wanaoingia kwenye mbao kupitia ardhini, harufu yake inafanana na ya njia waliyoitengeneza wao wenyewe.

Njia hiyo huanzia tumboni. Kila mfanyakazi ana tezi upande wa chini wa tumbo, na anaporudi kiotani kutoka kwenye chakula huliburuza tumbo lake ardhini, akiacha alama ya kemikali. Kwa Reticulitermes kemikali hiyo ni dodekatrienoli, alkoholi yenye atomi 12 za kaboni. Kiasi kinachotosha kumwongoza mchwa ni kidogo kupita kiasi: gawa gramu moja mara trilioni, na kipande kimoja tu bado ni kingi mno kwa sentimita moja ya njia. Wanaopata chakula huongeza harufu, njia inakolea na kuvuta wengine. Chakula kikiisha hakuna anayeongeza, na njia inafifia yenyewe bila mtu kutoa amri.

Kemikali hiyohiyo ina kazi ya pili, na mimi naona hapo ndipo penye ufundi mkubwa zaidi. Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mbawa, wakisharuka na kutua, jike hukata mbawa zake, huinua tumbo na kuachia harufu. Dume huifuata, na wawili hao huondoka wakiongozana, jike mbele, dume akimgusa kwa nyuma, kwenda kutafuta pa kuanzisha kiota. Katika aina kadhaa harufu hiyo ya uchumba ni dodekatrienoli ileile ya njiani, isipokuwa inatoka kwa wingi zaidi. Kwa mfanyakazi ni “pita hapa”. Kwa jike ni “njoo”.

Wataalamu wamekwisha kueleza aina zipatazo 3,000 za mchwa, na nyingi ziko nchi za joto. Misitu ya Kameruni ni miongoni mwa sehemu zenye aina nyingi zaidi duniani. Watu wengi huwadhania kuwa ndugu wa chungu na siafu kwa sababu wote wana malkia, askari na wafanyakazi. Undugu huo haupo. Mchwa ni mende. Kwa muda mrefu waliwekwa katika oda, yaani kundi kubwa la wadudu, yao peke yao, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulipoonyesha kwamba wamo ndani ya ukoo wa mende, na jamaa zao wa karibu kabisa ni mende wa jenasi ya Cryptocercus, ambao nao hula mbao wakisaidiwa na vijidudu vya tumboni.

Anayetaka ushahidi wa macho amtazame Mastotermes darwiniensis wa kaskazini mwa Australia. Mchwa huyu hutaga mayai yaliyogandishwa pamoja kama ya mende, badala ya moja moja kama mchwa wengine, na ana tezi tatu za njia wakati wengi wana moja tu. Harufu yake pia ni ya kikale: molekuli yenye kaboni 14. Ukija kwa mchwa waliotokea baadaye katika ukoo unakuta zile zenye kaboni 12, na kwa Nasutitermes, wa familia ya Termitidae iliyobeba zaidi ya theluthi mbili ya aina zote, inaongezeka neosembreni yenye kaboni 20.

Hao Nasutitermes wana askari wa ajabu. Taya zao zimenywea, na kichwa kimechongoka mbele kuwa pua ndefu inayorusha gundi. Chungu akivamia hunaswa miguu na vipapasio. Ndani ya gundi hiyo mna pineni na limoneni, kemikali zinazoyeyuka hewani upesi, kwa hiyo risasi moja humnasa adui na papo hapo huwaita askari wengine.

Mwenzao wa kiota wanamtambua kwa kumpapasa. Ngozi ya mchwa imepakwa nta ya hidrokaboni, na mchanganyiko wake hutofautiana kati ya kiota na kiota. Mgeni mwenye mchanganyiko usiofahamika anaweza kung’atwa hadi afe.

Hata mayai hutambuliwa kwa kemikali, na kuna kuvu anayefaidika na hilo. Anaishi katika viota vya Reticulitermes nchini Japani, akitengeneza vidonge vidogo vyenye upana unaolingana na yai la mchwa na vyenye kimeng’enya kilekile cha beta-glukosidasi ambacho mchwa hutumia kulitambua yai. Wafanyakazi huviokota, huvipanga pamoja na mayai ya malkia na kuvilamba kila mara ili visiharibike. Rangi yake ni kahawia wakati mayai halisi ni meupe, lakini ndani ya kiota chenye giza, kwa walezi wasio na macho, hakuna wa kuiona tofauti hiyo.