Kujiondoa ungali na nguvu: mchoro wa 33 wa Yijing

Mtu akisikia kwamba nasoma ramli za Kichina, swali lake la kwanza huwa ni kama vijiti vinaweza kumwambia atapata kazi au ataolewa lini. Yijing, kitabu ambacho Wachina wamekitumia kuulizia mambo kwa karibu miaka 3,000, huanzia kwingine. Kinamwonyesha muulizaji amesimama wapi, wakati wenyewe ni wa namna gani, na mwenendo upi unaufaa wakati huo. Kati ya michoro yake 64, nimeurudia zaidi ule wa 33, unaoitwa Dun: kujiondoa.

Kila mchoro una mistari sita, nayo husomwa kuanzia chini kwenda juu. Mstari mzima ni yang, nguvu ya mwanga; uliokatika katikati ni yin, nguvu ya giza. Msomaji wa pwani hataona ajabu hapa, maana ramli iliyotufikia kwa vitabu vya Kiarabu nayo ina maumbo 16 ya nukta moja moja au mbili mbili zilizopangwa safu nne.

Katika Dun, mistari miwili ya chini imekatika na minne ya juu ni mizima. Yin inapanda kutoka chini, na yang ndiyo inayojiondoa. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha jambo lote: yang bado ni minne kwa miwili. Anayeambiwa ajiondoe hajashindwa, tena bado ana nguvu kuliko mpinzani wake. Wanazuoni wa enzi ya Han, ukoo uliotawala China kama miaka 2,000 iliyopita, waliipa michoro 12 miezi 12 ya mwaka, na Dun ikapewa mwezi wa sita wa kalenda yao. Huko kwao ni wakati wa joto kali kabisa, lakini mchana umeshaanza kufupika. Mkulima anayetazama jua la saa sita hawezi kuamini kwamba kiangazi kimeanza kuondoka. Mwezi wa saba ni wa mchoro uitwao Pi, kuziba, wenye yang tatu na yin tatu. Aliyekuwa akisubiri dalili ya wazi zaidi ataipata huko, njia zikiwa zimeshafungwa.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nasi tumeukubali usemi huo muda mrefu. Dun inakwenda mbele kidogo, kwa sababu inachambua jinsi watu wanavyoondoka na kusema nani amechelewa, nani amenaswa na nani yuko huru.

Mstari wa kwanza, wa chini kabisa, ni mkia wa kujiondoa. Aliye mkiani ndiye wa mwisho kutoka, na hatari iko miguuni pake. Kitabu kinamwambia asiende popote: akishachelewa, atulie pale pale, asijionyeshe kwa kukimbia. Mstari wa tatu ni wa aliyefungwa. Umegusana na yin iliyo chini yake, nao hauna mwenzake huko juu wa kuuvuta (mwenza wa mstari ni ule wa tatu kutoka kwake, nao huitikiana mmoja ukiwa yin na mwingine yang), kwa hiyo moyo umebaki kwa wale wa karibu. Kitabu kinasema kuna maradhi na hatari. Mstari wa nne na wa tano ni watu wanaoondoka vizuri, ingawa kila mmoja ana mwenzake huko chini: wa nne anaitikiana na wa kwanza, wa tano na wa pili. Wana cha kuacha, nao wanakiacha. Wa sita, ulio juu kabisa, uko mbali na yin na hauitikiani na yeyote. Huo ni kujiondoa kwa mtu aliyeshiba, na hakuna lisilomfaa. Ninapowasomesha wengine mchoro huu ndipo huwaomba waweke kidole kwenye mistari na kufuata nani anamvuta nani. Hekima yake imo katika kamba hizo.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Zhu Xi. Mwaka 1195, katika enzi ya Song, Han Tuozhou alikuwa amejipenyeza hadi kushika madaraka, na waziri mkuu Zhao Ruyu akafukuzwa. Zhu Xi, mwanazuoni mkubwa wa zama zake, aliandika waraka mrefu sana kwa mfalme kuwashutumu wabaya na kumtetea Zhao. Wanafunzi wake wakaingiwa na hofu, wakamsihi asiupeleke. Akakataa. Ndipo Cai Yuanding, mwanafunzi wake aliyekuwa pia rafiki, akamwomba aamue kwa vijiti.

Kazi ya vijiti haitaki haraka. Huwa 50, vya mmea mkavu. Kimoja hutengwa na hakitumiki. Vile 49 hugawanywa mafungu mawili bila kuhesabu. Kijiti kimoja hutolewa fungu la kulia na kubanwa kati ya kidole kidogo na cha pete cha mkono wa kushoto. Fungu la kushoto huhesabiwa vinne vinne, na masalia hubanwa kati ya kidole cha pete na cha kati. Kisha hufuata fungu la kulia. Zoezi hilo hufanywa mara tatu kwa mstari mmoja, masalia yakiamua kama ni yang au yin, na mara 18 kwa mchoro mzima. Mtu aliyekuja na hasira hupewa muda wa kuisikia hasira yake mwenyewe.

Ikatoka Dun, na mstari wa kwanza ulikuwa wa kugeuka, yaani yin iliyo karibu kuwa yang, na mstari wa namna hiyo ndio husomwa kama jibu: mkia, hatari, usiende. Yin ya kugeuka hutokea kwa vijiti mara 1 tu kati ya 16. Zhu Xi alinyamaza, akauchoma ule waraka, akajiita Dunweng, Mzee wa Kujiondoa.

Wapo wanaouona huo kuwa woga. Mimi sikubaliani nao. Elimu yake ilipigwa marufuku kwa jina la elimu ya uongo, naye akapoteza cheo. Cai Yuanding, yule yule aliyemshauri, alipelekwa uhamishoni Daozhou na akafia huko mwaka 1198. Kwa hiyo kujiondoa hakukuwa kinga. Kulimpa Zhu Xi miaka ya mwisho ya kufundisha na kuandika hadi alipofariki mwaka 1200, na mwaka 1313 watawala wa Yuan, enzi iliyofuata Song, waliamuru mitihani ya serikali ifuate fafanuzi zake.

Matini ya Dun inasema pia kwamba muungwana huwaweka mbali watu duni bila chuki, ila kwa heshima isiyosogeleka. Sehemu ya bila chuki ndiyo ngumu. Anayeondoka huku akitukana bado amefungwa, kama ule mstari wa tatu. Na hukumu ya mchoro inaongeza kwamba mambo madogo yanafaa kuendelezwa. Cheng Yi, aliyetangulia Zhu Xi kwa takriban karne moja, aliushikilia sana upande huu: mwenye hekima hakai akitazama nchi inavyoharibika, huokoa kile kidogo kinachookoleka.

Ukipata Dun, fungua pia mchoro wa 34, Dazhuang, nguvu kubwa. Ni Dun ile ile iliyogeuzwa juu chini, yang nne zikiwa chini zinasukuma. Mstari wake wa juu ni beberu aliyepiga ua kwa pembe zikanasa: hawezi kurudi, hawezi kupita. Hata yeye kitabu hakimtupi. Kinasema akiutambua ugumu wake, mwisho utakuwa mwema.