Kabla hujang'oa dirisha la mbao, tazama ukuta

Madirisha mengi ninayoitwa kuyang'oa hapa Mji Mkongwe, Unguja, hayastahili kung'olewa. Mwenye nyumba akiona rangi imebabuka, ubawa (ule upande unaofunguka) hauingii tena kwenye fremu na kipande cha chini kimelainika kama mkate uliolowa, anakata shauri papo hapo: "Fundi, hili limekwisha, nitilie alumini." Mimi hutoa bisibisi nyembamba nikaanza kuchokoa, kutoka kizingiti cha chini nikipanda juu pole pole. Mara nyingi bisibisi huzama kwenye shubiri moja ya chini tu. Kuanzia hapo kwenda juu haiingii hata ukiisukuma. Msaji wa zamani, ile mbao ngumu ya madirisha haya, ulipasuliwa kutoka miti iliyokomaa, nyuzi zake zimebanana. Mbao ya aina hiyo leo huipati dukani kirahisi, na ukiipata bei yake itakukimbiza.

Kwa nini basi iharibike chini tu? Jibu mara nyingi liko ukutani. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa masika, kisha huyatoa taratibu kiangazi kikiingia, kwa sababu chokaa inapitisha mvuke. Akija mtu akapiga plasta ya saruji mpaka ukingoni mwa fremu, halafu akaipaka rangi ya plastiki, yale maji yanakosa pa kutokea. Yanahamia kwenye mbao. Mbao ikikaa muda mrefu na unyevu unaozidi takriban asilimia 20, kuvu huanza kuila, na mchwa nao huvutwa na mbao mbichi. Hapo hata ukiweka dirisha jipya litaoza, tena haraka kuliko lile la babu zako.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza si ya useremala hata kidogo. Nabomoa saruji kuzunguka fremu, upana wa kiganja hivi, naacha ukuta ukauke, kisha naziba kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Chokaa haitaki haraka: ifunike na gunia bichi siku chache za mwanzo, isipigwe na jua kali, la sivyo itapasuka na kumong'onyoka. Na tafadhali, silikoni iache kwenye masinki. Naiona imepakwa kila mahali siku hizi, juu ya mbao mbovu, na kazi yake pale ni kufungia maji ndani.

Sasa mbao. Ung'oe ubawa kwenye bawaba, uulaze mezani. Kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye mbao ngumu na kavu, kisha uongeze kidogo. Usikate mraba, kata mshazari unaoteremka kwa nje, ili maji yatiririke na gundi ipate eneo kubwa la kushika. Kiraka kiwe cha mbao ya jinsi ile ile, nyuzi zielekee upande ule ule, na kiwe kimekauka kweli. Mimi hununua mbao za nyumba zilizobomolewa, maana hizo zilishajipinda zikamaliza. Msaji una mafuta yake ya asili, kwa hiyo futa pande zote mbili kwa asetoni kabla tu ya kutia gundi. Gundi iwe epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Gundi nyeupe ya maji ni ya samani za ndani. Mvua mbili tatu za nje zitaiachanisha. Kiache kiraka kizidi kidogo juu ya uso, kikishakauka ukisawazishe kwa randa.

Misumari ya chuma itoe yote unayoweza kuifikia. Hewa ya bahari huipa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ndiyo inayopasua mbao kutoka ndani. Badala yake tumia skurubu za shaba nyeupe au nyekundu, ila zisiwe za chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, sumaku itakuambia. Shaba ni laini, ukiilazimisha kwenye msaji kichwa kitakatika mkononi. Toboa kwanza kwa keekee, pitisha skurubu ya chuma ya saizi ile ile ikate njia, itoe, halafu ingiza ya shaba ikiwa imepakwa nta ya mshumaa. Inachosha, najua. Lakini skurubu iliyokatikia ndani inachosha zaidi.

Rangi ya zamani usiichome kwa moto wala kuisugua kavu. Rangi nyingi za mafuta za miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha, kwangua, sugua kwa msasa wa maji, kisha kusanya mabaki yote na usiyafagilie uani.

Wapaka rangi wengi hupaka ubawa ukiwa umening'inia. Matokeo yake ukingo wa chini haupati rangi hata tone, na pale ndipo ncha za nyuzi zilipo, zinapofyonza maji kuliko mahali pengine popote. Ukiwa bado mezani, ugeuze, upake ncha hizo rangi ya kwanza mara mbili. Kati ya mbawa mbili acha nafasi ya unene wa sarafu, maana mbao huvimba masika. Vile vibao vya upepo vinavyofunguka, usivigandishe kwa rangi kwenye vyuma vyake. Chini ya kizingiti, kwa nje, chimba mfereji mdogo kwa patasi ili tone la maji lidondoke kabla halijarudi ukutani.

Wenye nyumba wa Mji Mkongwe wakumbuke pia kwamba eneo hili limo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Kabla ya kubadilisha dirisha la nje, pita kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kutia alumini kisha ukaambiwa uitoe ni gharama mara mbili.

Baada ya hapo matunzo ni mepesi. Madirisha yanayotazama bahari yaoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya muda, bawaba zitiwe mafuta kidogo, na kabla ya masika mtu apite na bisibisi kwenye vizingiti vya chini. Rangi ikipasuka kwenye kiungo, iguse pale pale kukiwa bado kukavu. Usingoje mwaka wa kupaka nyumba nzima.